Kaburi Lililotajwa Kwenye Mdahalo

Badru Matimbwa alianza kazi ya kuosha maiti akiwa na miaka ishirini na minne. Mwosha wa zamani wa Mkupule alikuwa amezeeka, mikono inamtetemeka, akamwita siku moja akamwambia, "Njoo unimiminie maji." Badru akamimina maji miaka sita. Yule mzee alipokufa, yeye ndiye aliyemwosha, na tangu hapo kila mwanamume aliyefariki katika kijiji kile, kilichopo kando ya lami kati ya Kibiti na daraja la Ndundu, alipita mikononi mwake. Alikuwa mkulima kama wenzake. Alikuwa na mikorosho ekari tatu, na mpunga bondeni mwaka ambao mto ulimwaga maji vizuri. Lakini watu walipomtaja hawakusema mkulima. Walisema Badru mwosha.

Mzee alikuwa amemfundisha yote: majani ya mkunazi kwenye maji, kuanza upande wa kulia, shuka isitoke kati ya kitovu na magoti, tumbo likamuliwe taratibu kama la mtoto mwenye mchango. Jambo moja alilirudia mpaka siku zake za mwisho.

"Utakachokiona chini ya shuka, kibaki chini ya shuka. Maiti ana jipu, hukuliona. Ana kovu la pingu, hukuliona. Siku mwosha atakapofungua mdomo, watu wataona heri wazike maiti zao na uchafu wao kuliko kukuita."

Badru akalishika hilo. Hata mkewe hakuwahi kupata neno kwake. Akirudi msibani anamwuliza, "Marehemu alikuwaje?" naye anajibu, "Alikuwa marehemu." Mke akawa anawaambia wanawake kisimani kwamba yeye ameolewa na mtungi uliozibwa.

Kisha ukaja mwaka ule wa watu wa pikipiki. Walikuja wakati wa magharibi, wawili wawili, wakapiga watu risasi kwenye vizingiti vya nyumba zao. Zaidi waliwalenga viongozi wa vijiji, na askari pia. Baada ya hao wakaja wenye silaha wengine, wa kuwatafuta wale wa kwanza, na baadhi ya watu waliochukuliwa kuulizwa maswali hawakurudi. Mlango ukibishwa watu hawakuuliza tena "nani?" Walizima taa wakanyamaza. Nani alikuwa nani, Mkupule hawakujua, na waliojua hawakusema.

Mwaka ule Nasibu Kimbau alitoka nyumbani siku ya Alhamisi, na baiskeli yake, kwenda Nyamisati kuchukua kamba wakavu wa kuuza sokoni Kibiti. Ndiyo ilikuwa kazi yake. Ilipofika Jumamosi mkewe Mwanajuma alianza kuuliza. Siku ya tisa wakata matete wakakuta maiti ya mwanamume imenasa kwenye majani ya mto, chini ya bonde. Uso haukuwa na cha kutambulika, maana maji na samaki walikuwa wameshafanya kazi yao. Lakini shati lilikuwapo, la mirabaraba ya bluu na njano. Mwanajuma alipoonyeshwa shati alipiga yowe likasikika mpaka barabarani.

Wenye silaha walikuja na gari, wakaandika karatasi, wakasema azikwe kabla ya jua kuzama. Turubai likafungwa nyuma ya msikiti. Badru akaingia na Mtoro, mtu aliyekuwa akimmiminia maji siku hizo.

Hapa inafaa kusema jambo moja kuhusu Nasibu. Alipokuwa na miaka kumi na mitano alikamatwa na mamba akivuka mto. Watu watatu walimpiga mamba yule kwa makafi mpaka akamwachia, na mmoja wao alikuwa Badru. Badru alivua msuli wake mwenyewe akamfunga paja la kulia. Jeraha likapona, likaacha shimo juu ya paja, ndani, mahali ambapo ngumi ya mtu mzima ingeingia na kukaa.

Badru alipopitisha mkono chini ya shuka, upande wa kulia, paja lilikuwa zima. Akapitisha upande wa kushoto. Zima. Akarudi kulia. Maji huvimbisha nyama, lakini hayarudishi nyama iliyoliwa na mamba.

Akainua macho. Mtoro alikuwa anamtazama, kata ya maji imesimama hewani. Nje Mwanajuma alikuwa analia akimwita mumewe kwa jina, na karibu na gari mtu mmoja mwenye bunduki alikuwa anavuta sigara na kutazama saa yake.

"Mimina," Badru akasema.

Mtoro akamimina. Hawakulizungumza tena, na miaka mitatu baadaye Mtoro akafa kwa homa ya ini, naye Badru akamwosha.

Baadaye Badru alijiambia kwamba siku ile alimsitiri maiti, kama alivyofundishwa. Lilikuwa neno zuri, akalitumia miaka minane. Lakini pale chini ya turubai hakuwa akifikiri kumsitiri mtu. Alikuwa akifikiri kwamba akitoka nje aseme huyu si Nasibu, wale wa bunduki watamwuliza, basi Nasibu yuko wapi, na wewe umejuaje?

Mwanajuma akakaa eda yake, miezi minne na siku kumi, kwenye chumba cha nyuma cha dada yake. Alikuwa na binti mmoja wa Nasibu, Tatu, mwenye miaka minne. Miaka miwili ikapita, akaposwa na Abdulazizi, muadhini wa msikiti, mtu mpole aliyekuwa amefiwa na mke. Badru alialikwa kwenye nikaha. Alikula pilau. Shahidi mmoja alipotamka kwamba bibi harusi ni mjane na eda imekwisha, Badru aliitazama sahani yake. Mwanajuma akazaa watoto wawili zaidi. Ilikuwa nyumba ya kelele na vicheko, na Abdulazizi alimlea Tatu kama damu yake.

*

Mwaka wa uchaguzi, kituo kimoja cha televisheni kikawakutanisha wagombea wawili wa urais kwenye mdahalo. Mkupule waliuona Jumapili, baada ya adhuhuri, uliporudiwa. Waliuona kwenye kibanda umiza, kile cha mbao na turubai ambacho siku nyingine huonyesha mpira. Majina ya wagombea watu waliyajua, lakini kibandani waliwaita Mnene na Mwembamba.

"Mnene kakaa kama gunia la mpunga!"

"Huyo mwenzake naye, wazime feni, asije akapeperuka."

"Nyamazeni bwana, tusikie tunavyodanganywa."

Mwanamke aliyeongoza mdahalo aliuliza kuhusu usalama, na kuhusu jinsi nchi inavyotazamwa nje. Mnene akacheka kwa upole.

"Swali hilo, dada yangu, limetoka ng'ambo, wewe umelibeba tu. Kila tukikaribia kupiga kura, wenzetu wa nje wanaikumbuka Kibiti. Miaka mingine yote hawajui hata Kibiti kunalimwa nini. Sisi ndio tuliowazika watu wetu. Sisi ndio tuliowamaliza magaidi. Hatuhitaji mtu wa kutusomea msiba wetu kwa Kiingereza."

Kibandani watu wengi walipiga makofi. Walikuwa wamechoka kuitwa watu wa Kibiti kwa sauti ile ambayo makondakta wa Dar es Salaam huitumia.

Mwembamba akainua karatasi. "Dunia haituonei. Dunia inauliza, na sisi hatujibu. Hii ni ripoti, ina majina. Nasibu Kimbau, mfanyabiashara mdogo, kijiji cha Mkupule."

Jina la mtu wao lilikuwa limetoka kwenye kioo.

"Alizikwa jioni moja bila daktari kumgusa," Mwembamba akaendelea. "Nikishika nchi, ndani ya siku mia moja kaburi lile litafukuliwa. Wataalamu kutoka nje wataisoma mifupa yake, na dunia nzima ijue nani alimwua."

"Siku mia moja za nini?" Mnene akasema. "Fukueni hata wiki ijayo! Mimi siogopi mifupa. Mtamkuta gaidi amelala pale, na hao rafiki zako waje wapige picha."

"Mmesikia, Watanzania? Amekubali!"

"Nimekubali. Andikeni."

Mtu mmoja nyuma akapiga mluzi. "Angalau leo wamepatana jambo!" Watu wakacheka. Mwingine akasema basi Mkupule nayo itaona helikopta.

Abdulazizi alikuwa benchi la mbele. Hakucheka. Aligeuka akamtafuta Badru kwa macho.

"Mjomba, si wamwache marehemu apumzike?"

"Apumzike," Badru akajibu.

Siku ya nne lilikuja gari jeupe. Walishuka mwandishi mmoja wa kike, mzungu, na kijana wa Dar es Salaam aliyeitwa Shedrack, mkalimani wake. Walipiga picha kaburi la Nasibu kutoka pande zote, na kile kibao cha mbao chenye jina lake. Kisha wakaletwa kwa Badru.

"Mzee, tunaambiwa wewe ndiye uliyemwosha. Uliona nini?"

"Niliona maiti."

"Alama zipi? Matundu? Kamba mikononi?"

"Maiti hana alama."

Shedrack alimtafsiria mwenzake, yule mama akatikisa kichwa, akasema maneno. "Anasema dunia inataka kujua, mzee wangu."

"Mwambie, dunia ilikuwa wapi siku ile natafuta sabuni?"

Shedrack akacheka, lakini hilo hakulitafsiri. Walipokuwa wanaingia garini Badru alimshika mkono. "Kijana wangu, hili kaburi litafunguliwa kweli?"

"Wote wawili wamekubali mbele ya nchi nzima. Wasipofungua, watauficha wapi uso?"

Kwa Badru hilo lilitosha. Alikuwa mtu aliyetumia maneno machache maisha yake yote, na aliamini kwamba neno lililotolewa mbele ya mashahidi halirudi mdomoni. Nikaha ni neno mbele ya watu. Talaka ni neno. Shahada yenyewe ni neno. Hawa walikuwa wamelitoa mbele ya mamilioni.

Akaenda zahanati. Nesi wa pale, Consolatha, alikuwa mtu wa Songea, mwaka wa kumi na mbili kijijini, Mkristo peke yake katika safu ile ya nyumba, na watu walimpenda kwa kuwa alikuwa akigomba sana wagonjwa wanaochelewa kuja.

"Leo unaumwa nini, Mzee Badru? Au umekuja kunipima urefu?"

"Bado sijapata oda yako." Akakaa. "Nesi, mifupa ya miaka minane. Wakiichukua wataalamu, wanaweza kujua ni ya nani?"

"Wanaweza. Wanachukua kipande kidogo, na mate ya mtoto wake au ndugu yake, wanalinganisha vinasaba."

"Na kama mtoto ni msichana?"

"Msichana, mvulana, damu ni damu." Akaacha kupanga chupa zake. "Kwa nini unauliza, mzee?"

"Nauliza tu."

"Mtu wa kuuliza tu hatokwi jasho hivyo," Consolatha akasema. Lakini hakumbana.

Badru akakaa na jambo lile siku tatu. Aliona itakavyokuwa. Magari, kamera, jembe. Tatu anawekwa kijiti mdomoni. Kisha mtu mwenye karatasi anasimama mbele ya kijiji na dunia, anatangaza kwamba aliyelala pale si Nasibu Kimbau, na macho yote yanamgeukia Mwanajuma aliyebeba mtoto wa Abdulazizi mgongoni. Mwanamke aliyeolewa juu ya ndoa. Badru aliona ni heri Mwanajuma alisikie kwa mtu mmoja, mapema, kuliko kwa watu wote siku moja. Alifikiri hivyo, na si rahisi kusema alikosea kufikiri. Alichokosea ni kuamini kwamba siku hiyo ingekuja.

*

Alimkuta Mwanajuma chini ya mikorosho, amekaa kwenye gunia, ananyofoa korosho kwenye mabibo na kuzitupia ndoo. Ilikuwa asubuhi, na harufu ya mabibo yaliyochacha ilijaa shamba zima.

"Shikamoo, mjomba. Karibu bibo, ujilainishe koo. Au utalewa, wake za watu waseme?"

"Marahaba, mwanangu." Akachuchumaa. Akachukua bibo naye akaanza kunyofoa, kwa sababu mikono ilihitaji kazi. "Mwanajuma, nina neno. Nilipaswa kulisema miaka minane iliyopita."

Akalisema. Hakulizungusha. Akataja shati, kwamba lingeweza kuwa la mtu yeyote, akataja mamba, akataja paja. Mwanajuma aliendelea kunyofoa. Korosho tatu, nne zikagonga ndoo. Kisha mkono ukasimama.

"Lote zima?"

"Lote. Pande zote mbili."

"Labda maji. Mtu akivimba..."

"Mwanangu, ngumi yangu ilikuwa inaingia pale. Mimi ndiye niliyemfunga."

Mwanajuma akaliweka bibo chini. Kunguru walikuwa wanagombana juu. "Kwa nini hukusema siku ile?"

"Nilimsitiri maiti."

"Maiti gani, mjomba? Huyo humjui hata jina! Umemsitiri mtu usiyemjua. Mimi je, mimi uliyenibeba mgongoni arusini kwangu, nani alinisitiri?"

Badru akasema lile la kweli, ambalo hakuwahi kulisema hata peke yake. "Niliogopa."

"Uliogopa," Mwanajuma akarudia, wala hakupandisha sauti. "Sote tuliogopa. Nimekaa eda ya nani basi? Nimemlilia nani? Na Nasibu kama alikuwa hai siku zile, amefungwa mahali, anangoja ndugu zake wamtafute, sisi huku tunagawana ubani!"

Hapo ndipo alipolia. Badru alitaka kuondoka, akaona kuondoka ni vibaya zaidi, akabaki amechuchumaa mpaka miguu ikafa ganzi.

"Abdulazizi anajua?" Mwanajuma akauliza mwishoni.

"Hajui. Nimekuja kwako kwanza. Kumwambia au kutomwambia, hilo liko kwako. Lakini kaburi watalifungua, mwanangu. Wote wawili wamekubali."

Mwanajuma akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Mume wangu anaamka saa kumi kila siku kuwaita watu waje kwa Mungu. Nitalalaje naye nikilijua hili?"

Akamwambia Abdulazizi jioni ile ile. Majirani hawakusikia ugomvi, kwa sababu haukuwapo. Waliona tu Abdulazizi akitoka na mkeka wake na begi, anawabusu watoto kichwani mmoja mmoja, Tatu wa mwisho. Tatu akamwuliza, "Baba, unasafiri?" naye akasema ndiyo, kidogo. Akaenda kijiji jirani, Mahege, kwa kaka yake. Kwa Badru alipitia, akasimama uani bila kukaa.

"Mjomba, sikulaumu. Lakini siwezi kusimama nikaita watu kwenye sala na nyumbani kwangu kuna shaka."

Wakaenda kwa Sheikh Abdulrazaq wote watatu, wao wawili na Mwanajuma. Sheikh alikuwa mtu wa vitabu na alichukua juma zima kabla ya kuwaita tena. Alizungumza polepole, kama mtu anayepita kwenye tope.

"Watoto ni halali, hilo halina maneno. Mlioana mkiwa na yakini, na mtu hahukumiwi kwa asichokijua. Lakini sasa yakini imekuwa shaka. Ikithibitika aliyezikwa ni Nasibu, rudini nyumbani leo hii. Ikithibitika siye, basi Nasibu ni mtu aliyepotea, kadhi atamhukumia mauti kwa miaka iliyopita, Mwanajuma atakaa eda, mtaoana upya. Njia zote mbili zina mwisho. Shaka ndiyo haina mwisho."

"Na shahidi si huyu hapa?" Abdulazizi akauliza.

"Shahidi mmoja, aliyenyamaza miaka minane. Wa pili amekufa. Kadhi hatavunja wala hatafunga kwa neno lake." Sheikh akamtazama Badru bila hasira. "Hiyo mifupa isomwe. Si wamesema watafukua?"

"Wamesema," Badru akajibu.

Basi jambo alilokuwa akiliogopa likageuka kuwa jambo analoliomba. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani alilitokea. Wiki ya kupiga kura ikaja. Mmoja akashinda, mmoja akasema ameibiwa. Nchi za nje zikatoa matamko, mengine ya pongezi na mengine ya lawama, na redio ikayajadili siku nne. Neno Mkupule halikutajwa.

Badru akavaa kanzu yake ya Ijumaa akaenda Kibiti, kwenye ofisi ya chama cha Mwembamba. Katibu alikuwa anakunja bendera.

"Kaburi gani, mzee?"

"La Nasibu Kimbau. Mgombea wenu aliahidi."

"Aaa! Alisema *nikishika nchi*. Ameshika?"

Akaenda kwa wenzao walioshinda. Pale alipewa kiti na soda. Mtu wa ofisi alimsikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo, si kwa dharau.

"Mzee wangu, yale yalikuwa maneno ya mdahalo. Pale mtu anamjibu mwenzake. Kufukua kaburi ni amri ya mahakama, kuna mwombaji, kuna sababu, kuna daktari wa serikali. Nani ameomba?"

"Naomba mimi."

"Wewe ni nani kwa marehemu?"

"Mwosha."

"Mwosha si ndugu. Na kwenye karatasi zetu huyu mtu amekufa na amezikwa, faili limefungwa. Unataka mimi niandike kwamba serikali ilizika mtu isiyemjua?" Akamwongezea soda. "Nenda nyumbani, mzee. Mambo yametulia. Msiyachokoe."

Ndugu wa Nasibu, kaka zake wawili wanaokaa upande wa delta, walipoombwa waende mahakamani walikataa. Mmoja alisema, "Mwaka ule tulinyamaza ndiyo maana tupo."

Ilibaki dunia. Consolatha alimpigia Shedrack kwa simu yake mwenyewe, akaweka sauti ya nje, pale zahanati, mlango umefungwa.

"Mzee Badru! Ripoti yetu imetoka, nimewatumia. Jina la Nasibu lipo, na picha ya kaburi. Imesomwa sana."

"Kijana wangu, aliyemo kaburini si Nasibu."

"Unasema?"

Badru akamweleza, kwa mara nyingine tena. Shedrack alipumua. "Mzee, siku ile nilikuuliza, ukaniambia maiti hana alama."

"Nilikosea. Andikeni sasa. Muwaambie wakubwa wenu waje waifukue."

"Nitamwambia mama. Lakini yeye sasa yuko nchi nyingine, wana uchaguzi wao huko. Na ukweli, mzee, nikisema sasa hivi kwamba jina moja si sahihi, hawa wa hapa watasema majina yote ni ya uongo. Unanielewa? Tutaua ripoti nzima."

"Nakuelewa," Badru akasema.

Consolatha akakata simu. Akamfungulia ile ripoti, akamsomea mstari wenyewe, akiutia Kiswahili. Ulikuwa mmoja tu. *Nasibu Kimbau, miaka 34, aliuawa, akazikwa Mkupule.* Badru akamwomba aurudie. Kisha akasema, "Basi. Serikali inasema amekufa, wazungu wanasema amekufa. Mimi peke yangu ndiye niliyemfufua."

Kijiji kilijua yote kufikia hapo. Waliosema Badru amefanya vyema kusema walikuwa wachache, na hata hao, wakifiwa, walipeleka habari Mahege kwa mwosha wa huko. Hakuna aliyemtukana. Mzee Shaban, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alipokufa, Badru alitwaa kata na majani ya mkunazi akakaa kibarazani tangu alfajiri. Saa tatu aliwaona watu wa Mahege wakipita na ndoo zao, wakamwamkia kwa heshima, wakaingia nyumba ya pili.

Abdulazizi huja kila Ijumaa baada ya sala. Hukaa nje, kwenye ubao wa barazani, na watoto wawili humpanda mabegani. Mwanajuma hukaa ndani nyuma ya pazia. Wanazungumza hivyo, pazia katikati, juu ya ada ya shule, kikohozi cha mdogo, paa linalovuja, mpunga wa kupandwa. Tatu ndiye anayetoa sahani na kuirudisha. Siku moja alitoka na wali na samaki wa nazi, akamwekea, akasema, "Mama anasema chumvi imezidi, umsamehe." Na Abdulazizi akainua sauti kidogo, kuelekea kwenye pazia, akasema, "Mwambie haikuzidi."

Badru alikuwa anapita njiani. Alitaka kuharakisha, lakini Abdulazizi alishamwona, akasimama kama alivyosimama siku zote kwa mtu mzima.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, baba."

"Hawajaja wale wa mifupa?"

"Hawajaja."

Nyuma ya pazia sufuria ziliacha kugongana. Abdulazizi akakaa, akanawa mkono, akaivuta sahani karibu.

"Basi," akasema, "tungoje."